Marashi ya Moshi Yaliyokosa Kitu Kimoja

Haipiti wiki bila vijana wawili watatu kubisha mlango wangu hapa Mowlem, Nairobi, wakitaka siri ya marashi yangu, Namba Tisa. Wengine wanakuja na daftari, wengine wanaweka simu mezani na kuanza kunirekodi kabla sijawakaribisha chai. Mmoja aliingia akasema, "Niaje Shosh, nipe tu vipimo nitoke." Shosh, ndivyo wanavyowaita nyanya zao siku hizi. Nikamwambia aketi. Alikunywa vikombe vitatu, akala mandazi yangu yote, akaondoka bila vipimo, na mpaka leo sijui kama alisikia nilichomwambia. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Kazi nimeiacha, duka liko mikononi mwa Achieng, aliyekuwa msaidizi wangu, na pua yangu siku hizi inafanya kazi asubuhi tu, ikifika saa sita imeshafunga ofisi. Lakini kalamu bado naiweza.

Nianze na nyinyi mlio na haraka. Namba Tisa ni mafuta ya kujipaka, si maji ya kujipulizia. Usiyanuse kwenye chupa. Chupa itakudanganya. Paka tone moja kwenye kifundo cha mkono, usisugue, kisha ufanye kazi nyingine. Kwanza utakutana na moshi, tena mkali, utadhani umeinamia jiko unapuliza. Usikimbie. Baada ya muda wa kuchemsha chai moshi unatulia na kuwa ule wa ndani ya kibuyu cha maziwa. Halafu udongo unaingia, udongo ulionyeshewa baada ya jua la siku nyingi. Jioni kinabaki kitu chenye utamu kidogo, na hicho kila mtu anakiita jina lake. Mwanamume mmoja wa Kakamega aliniambia ni kiti cha baba yake. Msichana wa Umoja akasema ni kitambaa cha kichwa cha nyanya yake.

Si wote wanaoyapenda. Mama mmoja alinirudishia chupa akiwa amekasirika kabisa. Alisema amehangaika maisha yake yote kutoka kwenye moshi, na sasa mimi nataka anilipe ili nimrudishe. Nilicheka mbele yake, lakini alipoondoka nilikaa chini. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, tena kumzidi.

Kabla ya marashi nilifanya kazi kiwanda cha sabuni miaka kumi na minane, sehemu ya kuchanganya manukato. Siku zile hakukuwa na mashine ya kupima. Msimamizi alikuwa anamwaga kwa ndoo na kukadiria kwa jicho, halafu anatuita tuje tunuse. Ni yeye aliyenifundisha kwamba pua ikichoka usinuse kahawa wala kitu kingine kikali. Nusa kiwiko chako mwenyewe, harufu uliyoizoea, na pua itarudi nyumbani. Pia alitukataza kula kitunguu asubuhi, na mtu akija kazini na mafua alirudishwa kwake. Sabuni yetu ilikuwa ya ndimu. Tulinukia ndimu mpaka kwenye kope, na tukipita njiani nzi walituhepa.

Mimi nilijivunia sana ndimu ile. Nilikuwa nimezaliwa Murang'a kwenye nyumba ya udongo, jikoni humo humo, na nilipokuja Nairobi watu wa ploti, sisi wapangaji wa ua mmoja, walikuwa na neno kwa kila aliyetoka mashambani. Anapita tu wanaziba pua. Nikaapa kwamba mimi hawatanizibia pua.

Sasa niwaambie nililomtendea mama yangu. Aliitwa Nyokabi. Alikuja Nairobi kunitembelea mara moja tu maishani mwake, mwanangu Kimani akiwa na miezi mitatu. Nilimpokea kwenye lango la ploti. Alikuwa amevaa sweta yake ya kijani, amejifunga leso mbili, kiondo mgongoni, na harufu yake ilinifikia kabla yake. Moshi, na chini ya moshi kile kitu cha kahawia ambacho sikuwahi kukijua jina. Nililala kwenye harufu ile tangu nizaliwe. Siku ile niliisikia kwa pua za majirani.

Hata maji sikumpa. Nilimwingiza chumbani, nikamvua sweta, leso, kitambaa cha kichwa, nikamvisha gauni jipya la nailoni, na vitu vyake vyote nikavitumbukiza kwenye beseni na sabuni ya kiwandani. Nilivifua mara mbili. Hata kiondo nilikifua. Mama alikaa kitandani na gauni lake linalong'aa, amempakata Kimani, ananitazama kupitia mlango nikipiga povu. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na mtoto atanijuaje?"

Nikamjibu, "Atakujua kwa sura."

Alikaa siku mbili akarudi nyumbani. Mwaka uliofuata alifariki. Kwetu baada ya mazishi wanawake wa boma hufua nguo za marehemu na kuzigawa, na mimi niligawiwa ile sweta ya kijani. Nilijifungia chumbani nikaitia usoni. Ilinukia ndimu. Nilikuwa nimemtumia sabuni kila mwezi, miche miwili miwili, na ndiyo waliyoifulia. Nililia vibaya sana. Huo ndio mwanzo wa Namba Tisa, wala si biashara. Nilitaka kumnusa mama yangu mara moja tena, basi.

Kiwanda kilipoleta mashine ya kuchanganya yenye mabomba na taa, sisi wa ndoo tuliambiwa asante, tukaachishwa kazi. Nikaenda mtaa wa Majengo kumtafuta Bi Zuhura. Wenzangu kazini walikuwa wakinunua udi kwake, na walisema hakuna moshi asioujua. Nilimkuta barazani ameketi juu ya mkeka, chetezo mbele yake, anafukiza shela ya bibi harusi. Nikamwambia nataka kujifunza kutengeneza marashi yanayonukia moshi.

"Moshi upi?" akauliza.

"Wa kuni."

"Kuni zipi, mwanangu?"

Nilikuwa nimekua kwenye moshi huo na sikujua ulikuwa wa mti gani. Bi Zuhura alinipa kahawa na tende, akasema nirudi nikijua. Nilipanda basi hadi Murang'a kwenda kuuliza mama yangu alikuwa akikoka nini. Wakaniambia: muthanduku, mti ule ambao maganda yake yalikuwa yakiuzwa kwa watengenezaji wa ngozi, matawi ya kahawa yaliyopogolewa, na magunzi ya mahindi mvua ikilowesha kuni. Nilirudi Majengo na gunia. Bi Zuhura akafungua, akanusa kijiti kimoja kimoja kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akasema, "Haya. Sasa tunaweza kuzungumza."

Nilikaa kwake miaka minne. Alinifundisha njia ninayoitumia hadi leo. Unachukua chungu cha udongo kisicho na rangi, unakipaka ndani mafuta ya nazi yaliyoganda, unene wa ukucha. Unaweka makaa chini, vipande vya kuni juu ya makaa, na unangoja. Hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, huo ni wa kikohozi, uache uende. Ngoja mpaka uwe mwembamba, wa samawati, uwe karibu usiuone. Ndipo unafunika kwa kile chungu, mdomo chini. Mafuta yananyonya moshi taratibu. Unarudia siku saba, kisha unayakwangua na kuyachanganya na mafuta ya simsim. Mimi nilitaka yote yaishe siku moja. Nilikuwa nachochea makaa, napepea, nafunua kuchungulia. Bi Zuhura alikuwa akiniangalia juu ya miwani na kuuliza swali lake lile lile: "Unakimbizwa na nani?"

Mungu amrehemu. Alikuwa mkali, na akicheka alicheka na mabega tu. Nilimwambia habari ya sweta baada ya mwaka mzima. Hakunifariji. Alisema, "Basi fanya kazi vizuri," akanipa chungu.

Nilipoanza kivyangu nilianzia kwenye ua wa ploti hapa hapa Mowlem, na kila jaribio nililiandikia namba kwenye plasta na kuibandika chupani. Ndiyo maana marashi yangu hayana jina la Kifaransa. Namba Moja na Mbili zilioza. Namba Tatu niliikosea kwa ubahili. Mafuta ya nazi yalikuwa yamepanda bei, nikayabadilisha kwa mafuta ya ng'ombe, nikidhani mafuta ni mafuta. Mzee mmoja wa kanisa letu aliipaka Jumapili, akaketi mbele. Kufikia mahubiri watu walikuwa wanageuza shingo huku na huku. Jirani yangu kwenye benchi akaninong'oneza, "Wambui, leo kuna sherehe? Kuna mahali wanachoma nyama." Mzee mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alitoka ibadani na njaa ambayo hajawahi kuijua.

Namba Nne haikufika chupani. Nilikuwa nimeshafunika chungu siku ya sita, moshi unapenya pembeni kidogo tu, nikaenda dukani kununua chumvi. Kurudi, keateka, mwangalizi wa ploti, amesimama na ndoo tupu mkononi, chungu kimepasuka, ua wote maji na majivu.

"Mama Kimani, umetaka kutuchoma?" akasema. "Ningechelewa dakika moja hii ploti ingekuwa historia."

"Hayo ni marashi," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mama, enda upumzike. Nitamwambia baba Kimani."

Alinisaidia hata kupanga matofali ya jiko jipya, siku ya pili, baada ya mume wangu kumweleza. Lakini mpaka alipohama aliniita Mama Marashi ya Moto, na aliwaonya wapangaji wapya.

Baada ya hapo moshi uliniingia mkononi. Kwenye Namba Tano mtu angefumba macho akaona jiko la Murang'a. Kilichonisumbua ni kile kitu cha chini. Kile cha kahawia. Nilijiambia ni udongo. Ingekuwa nini tena? Mama alikuwa mkulima, sakafu ya jiko ilikuwa ya udongo, miguu yake ilikuwa ya udongo. Nikaanza kutafuta udongo, na hapo nilipotea miaka mingi.

Udongo nao una namna yake. Unaukausha juani, unauponda, unautia kwenye sufuria na maji, unafunika kwa mfuniko wenye mpira mwembamba, na mpira unaingia kwenye chupa ya mafuta iliyokaa ndani ya maji baridi. Mvuke unabeba harufu ya udongo unaipeleka kwenye mafuta. Kwa ujinga wangu nilianza na udongo wa hapa hapa, ule mweusi unaopasuka kiangazi, niliouchimba upande wa mtoni. Kwenye chupa ulikuwa mzuri ajabu. Nikampa dada mmoja mwenye saluni. Akaupaka, akaenda juani, mwili ukapata joto, na udongo ukatoa kila kitu ulichowahi kunywa kutoka mto ule wa maji taka. Wateja walihama saluni kwa siku nzima. Hiyo ni Namba Sita. Ndiyo maana nawaambia jaribuni kila kitu juani, juu ya ngozi inayotoka jasho, kabla hamjamuuzia mtu.

Namba Saba ilikuwa udongo wa Kiambu, Namba Nane wa Machakos. Namba Tisa nilirudi kwetu. Jiko la mama lilikuwa limebomolewa zamani, kaka yangu amejenga nyumba ya mawe. Nilimwomba anionyeshe lilipokuwa, nikachimba mpaka nikafikia ardhi nyekundu iliyokolea, nikajaza mfuko. Kaka alisimama kando anajikuna kichwa.

Namba Tisa ndiyo mnayoijua. Watu waliipenda kuanzia siku ya kwanza, na mimi peke yangu nilijua kwamba imekosa kitu. Ilifika mlangoni ikasimama. Moshi ulikuwa wake, udongo ulikuwa wa nyumba yake, lakini mama hakuwemo. Niliuza miaka kumi na zaidi marashi ambayo sikuwahi kujipaka.

Aliyeligundua hilo ni Achieng. Alikuja kwangu kama mteja, msichana wa Siaya anayekaa Umoja, mwenye maneno mengi na pua nzuri kuliko yangu. Akaja kama msaidizi, na sasa duka ni lake. Ni yeye aliyeleta mizani ndogo ya gramu. Mimi nilikuwa napima kwa kifuniko cha chupa ya soda na nilimcheka sana, mpaka tulipopima vifuniko vyangu kumi na hakuna viwili vilivyolingana. Kupima kwa mizani kuna faida, nimekubali, mjue hivyo wote. Siku moja tulikuwa tunajaza chupa akaniuliza, "Shosh, hii Namba Tisa inabamba kila mtu, wote wanaipenda. Mbona wewe hujipaki?"

Nikamwambia yote. Beseni, sweta, udongo. Aliacha kazi akanisikiliza.

"Na hakuna mtu mwingine anakumbuka hiyo harufu?"

"Yuko mmoja. Tata Wanjiku, mdogo wake mama. Walilala kitanda kimoja wakiwa wasichana, wakaolewa kijiji kimoja."

"Yuko wapi?"

"Pipeline. Kwa mjukuu wake."

Achieng akaweka chupa chini. "Pipeline hapa Nairobi? Shosh, unasaka udongo mpaka Machakos na anayejua yuko Pipeline?"

Ukweli ni kwamba niliogopa. Tata ndiye pekee aliyebaki, na akisema siyo, basi nimeshindwa na hakuna rufaa. Tena Tata alikuwa ameanza kusahau. Siku nyingine alinijua, siku nyingine aliniita mwalimu na kuniuliza habari za shule. Kila nilipoahirisha, kitu kile ninachokitafuta kilikuwa kinafutika kichwani mwake, na nililijua hilo, na bado niliahirisha. Sijivunii. Achieng alisema, "Tunaenda Jumamosi," na tukaenda.

Anakaa ghorofa ya sita, chumba kimoja safi, dirisha linatazama ukuta wa nyumba nyingine karibu kiasi cha kupeana chumvi. Shiro, mjukuu wake, anapika kwa gesi. Hakuna moshi popote. Tata alikuwa kwenye kiti chake, leso magotini, na siku hiyo Mungu alikuwa upande wangu, alinijua mara moja.

Nilimpaka tone la Namba Tisa kwenye kifundo, nikamwomba angoje. Tulikunywa chai. Achieng hakutulia, alikuwa anamtazama Tata kama matokeo ya mtihani. Mwishowe Tata akainua mkono puani, akanusa polepole, akanusa tena.

"Ni nzuri," akasema. Tulikuwa tunazungumza Kikuyu, na Shiro anamtafsiria Achieng. "Hili ni jiko. La mama mkwe wangu, la mama yako, la mtu yeyote wa kule kwetu."

"Lakini si mama?"

"Nyokabi?" Akanusa mara ya tatu, akaanza kucheka, meno yake mawili yakaonekana. "Na ugoro uko wapi?"

"Ugoro gani, Tata?"

"Ugoro wa Nyokabi. Alikuwa ananusa ugoro tangu kabla hujazaliwa. Alikuwa anauweka kwenye kikopo cha mafuta ya uso, anakifunga kwenye ncha ya leso, hapa kiunoni."

Nilimwambia haiwezekani. Mama alikuwa ameokoka, alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, alisimama kushuhudia kila Jumapili.

"Alishuhudia na kikopo kiunoni," Tata akasema. "Sote tulijua. Baba yako alijua. Pasta mwenyewe alikuwa akimwomba kidogo."

"Mbona mimi sikujua?"

Hapo Tata aliacha kucheka. Alinitazama, akachagua maneno, nikaona kwamba siku hiyo kichwa chake kilikuwa kimekaa sawa kabisa.

"Mkiwa wadogo alikuwa akinusa mkishalala, na ulipokua ukaenda mjini ukawa mtu wa sabuni. Kila ukija nyumbani unafungua madirisha. Akisikia unakuja alikuwa anakificha kile kikopo kwa kuku. Alikuwa anasema, 'Wambui asijue, ataona haya kunileta kwake.'"

Shiro hakutafsiri hilo. Achieng hakuhitaji. Alininyooshea kitambaa.

Nawaambia hili nyinyi vijana bila kulipamba. Miaka yote ile nilichimba udongo wa wilaya tatu nikitafuta kitu ambacho mama alikuwa anakificha kwa sababu yangu. Pua nilikuwa nayo, na nilikuwa nimefundishwa na watu wawili wenye akili. Nilimwuliza kila mtu kuhusu kuni na sikumwuliza yeyote kuhusu mama. Nilikuwa nimeshajiamulia alikuwa mtu wa namna gani. Mkitaka kutengeneza harufu ya mtu, nendeni kwa waliocheka naye. Mizani na mafuta ya nazi vitafuata.

Tulianza Jumatatu. Achieng alipata mzee anayeuza ugoro karibu na soko la Kariokor, kando ya mafundi wa viatu, akanunua vifurushi vitatu. Kwanza tukakosea, maana tuliutia ugoro wenyewe kwenye mafuta. Ugoro umesagwa na magadi, na magadi hayaingii kwenye mafuta, yanabaki unga. Achieng alijipaka, akapiga chafya mpaka mteja mlangoni akamwombea. Tukarudi kwa yule mzee tukamwomba majani mazima ya tumbaku, yale aliyokuwa hajasaga. Akatuuliza tunataka kufanya nini, tukamwambia, akatuchagulia yaliyokaa juu ya moto mwaka mzima, laini, ya rangi ya chai ya rangi. Tukayalowesha kwenye simsim wiki tatu mahali penye giza, tukachuja, tukaongeza matone machache kwenye Namba Tisa. Machache sana. Tumbaku ikizidi inakuwa sigara, na mama hakuwa sigara.

Nilijipaka asubuhi nikaenda kufua. Nikingali nimeinama kwenye beseni, jasho limeanza kutoka, ikanijia. Sikulia. Niliketi juu ya ndoo, nikajinusa mkono kama mwendawazimu mpaka maji ya kufulia yakapoa.

Bado nilimhitaji Tata. Pua yangu ilikuwa inataka sana, na pua inayotaka sana haiaminiki. Lakini wiki zile tatu alikuwa ameugua homa ya mapafu, na Shiro alinionya kwenye simu kwamba tangu ugonjwa hamjui mtu. Nilikwenda hivyo hivyo, na Achieng.

Tulimkuta amelala chali, macho wazi, anatazama dari. Nilimsalimu. Alinijibu vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mgeni wa kanisa. Nilimwambia mimi ni Wambui wa Nyokabi. Akasema, "Sawa, mwalimu." Shiro akanitazama kwa huruma. Nilitaka kuondoka. Achieng alinishika bega, akanisukuma kidogo mbele.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikaweka mkono wangu juu ya mto karibu na uso wake, nikaacha. Sikumwuliza kitu. Tulikaa hivyo muda mrefu, tunasikia watoto wakicheza kwenye ngazi.

Kisha Tata akageuza kichwa. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, na sikujua bado ana nguvu kiasi hicho. Akauweka puani, akafumba macho.

"Ulikuwa wapi?" akasema.

Sikujua anamwuliza nani kati yetu, mimi au mama. Nikamjibu, "Nimekuja sasa."

"Niwekee na mimi."

Nilimpaka mikono yote miwili, na shingoni, na nyuma ya masikio alivyotaka. Shiro alikuwa ametandika shuka safi asubuhi hiyo. Akainama kuzikunja pembeni zisichafuke, akamwambia nyanya yake kwa upole, "Cucu, sasa utanuka moshi."

"Nanukia dada yangu," Tata akasema. Akavuta leso hadi kidevuni, akajigeuza upande wa ukutani, akajibana huko mpaka nusu ya kitanda ikabaki wazi kwa mtu mwingine, kama enzi za kitanda kimoja na dada yake. Nikavua viatu nikalala pale.